Pumzi Kwenye Kipimo

Hebu piga picha chumba kisicho na dirisha, taa zimezimwa, mashine moja inavuma. Ndani yake mwanga usioonekana hupita kwenye bomba, na sindano yenye kitaa kidogo huonyesha kama hewa ina sumu. Rafiki yangu, fundi wa vipimo, alikuwa peke yake humo, akisawazisha vioo vinavyouelekeza mwanga huo. Wenzake walisubiri kipimo hicho kipime hewa ya tangi kabla hawajashuka ndani yake. Kipimo kikidanganya, wangekufa.

"Dada, umelala humo?" msimamizi aliuliza nje ya mlango.

"Nimebana pumzi, kaka. Nikipumulia hapa, sindano inapanda. Usinichekeshe."

Akabana tena. Sindano ikapanda. Ikashuka. Ikapanda tena polepole, kama kifua cha mtoto aliyelala. Akakaza vioo; ikaendelea. Nywele zikamsimama. Akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango, akanong'ona, "Nani yupo?"

Sindano ikasimama pale pale.

Siku hiyo aliwazuia wenzake, hakuna aliyeshuka. Nawe nakuomba ukumbuke jambo moja tu: ilisimama juu, kama mtu aliyevuta pumzi akaibana, apate kusikiliza.