Jina Lililoibwa Kalundu

Asubuhi ile ya Mei, mwaka 1964, nyanya yangu Apolline alikuwa akianika ndagala, wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, kwenye mchanga wa Kalundu, bandari ya mji wa Uvira huko Kongo, kama alivyofanya kila asubuhi tangu aolewe. Jua lilikuwa zuri. Bandarini meli moja ya mizigo ilikuwa haijapakuliwa kwa siku mbili, maana wapakizi wengi walikuwa wamekimbia fununu za waasi. Lakini Kalundu ilishazoea fununu. Miaka minne tangu uhuru, halikupita juma bila fununu. Binti yake Sidonie, wa miaka mitano, alikuwa akifukuza kunguru kwa kijiti, na mdogo wake Evariste alikuwa amelala mgongoni mwa mama.

Saa nne babu alikuja pale mchangani. Alikuwa karani wa ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, mtu wa shati jeupe lililopigwa pasi na wino kwenye vidole. Siku hiyo alikuwa amevaa shati la kitambaa kizito lenye madoa ya mawese. Nyanya alilitambua mara moja. Lilikuwa la Gratien Lugendo, mpakizi wa bandarini, jirani yao na rafiki mkubwa wa babu.

"Shati yako iko wapi?" nyanya akauliza.

"Chukua batoto. Tunavuka ziwa sasa hivi."

"Na Gratien? Hatumungoji?"

Babu alikuwa amekwisha kumwita mpiga kasia. Aliinamisha uso akaanza kusukuma mtumbwi.

Walipofika katikati ya maji, Uvira ikabaki mstari mwembamba chini ya milima. Moshi ulikuwa unapanda mjini. Hapo babu akasogeza mdomo kwenye sikio la nyanya, asisikike na mpiga kasia.

"Tangu leo, minye niko Gratien Lugendo. Ildephonse amekufa. Ukiniita ile jina ingine mbele ya muntu, umeniua."

Walitua Rumonge, upande wa Burundi, wakimbizi kati ya wakimbizi. Kwenye misheni, padri aliyekuwa akiandikisha watu alifungua daftari, na babu akatoa kijitabu cha utambulisho cha Gratien. Vijitabu vya wapakizi enzi hizo havikuwa na picha. Padri akaandika: Gratien Lugendo, mke Apolline, watoto Sidonie Lugendo na Evariste Lugendo. Ndivyo jina hilo lilivyoingia kwetu. Hatukuzaliwa nalo, wala hatukulipata kwa ndoa.

Kila jioni baada ya chakula babu alimweka Sidonie mbele yake.

"Jina yako nani?"

"Sidonie."

"Sidonie nani?"

Mtoto alipokosea, alipigwa. Alipopatia, alirudishwa mwanzo. Mpaka mwezi ukaisha, ukimwamsha usingizini na kumuuliza, alijibu bila kufungua macho: Lugendo. Nyanya alisema kulikuwa na kitu kibaya katika jibu lile. Mtoto alilitamka upesi mno, kama anayemwitikia mtu aliye karibu.

Mwaka ule ule, Oktoba, jeshi lilirudisha Uvira mikononi mwa serikali. Wakimbizi wengi walianza kuvuka kurudi kwao. Nyanya akafunga vyombo. Babu akavifungua. Kila alipouliza sababu, babu alisema hali bado. Ukweli ni kwamba Kalundu wangemuuliza swali moja tu, Gratien yuko wapi, naye hakuwa na jibu la kuwapa. Basi wakabaki Rumonge, babu akapata kazi ya kupokea samaki pwani, na watu wote wakamwita Lugendo.

Kiangazi cha 1965, Sidonie alirudi kutoka ufukweni saa sita mchana, akasimama mlangoni.

"Mama, baba ananiita."

"Baba yako iko kazini."

"Si ule," mtoto akasema. "Ule mwenye jina yetu."

Nyanya aliweka mwiko chini. Akamuuliza mtu huyo alivyo. Sidonie akaeleza bila hofu yoyote: amevaa shati jeupe, lina wino mfukoni, na linatona maji. Anasimama ndani ya ziwa, maji yakimfika kiunoni. Anasema kwao kuna nyanya anayewapikia.

Nyanya alimwambia mumewe jioni hiyo. Babu aliamka akatia komeo mlango wa upande wa ziwa.

Siku tatu Sidonie alifungiwa ndani. Siku ya nne jirani alifungua mlango kuomba moto, na mtoto akatoka.

Ulikuwa mchana mweupe. Wavuvi zaidi ya kumi walikuwa wakishona nyavu pale mchangani, na wote walieleza jambo moja. Walisikia sauti ya mwanamume. Haikupiga kelele. Iliita kwa upole, jina zima:

"Sidonie Lugendo."

"Nakuja, baba!"

Alipita katikati yao akikimbia. Aliingia majini. Wakamwona akiinua mkono wa kulia, kama mtoto anayeshikwa mkono na mkubwa wake. Akatembea. Hakuogelea, hakuhangaika. Alitembea mpaka maji yakamfunika.

Wavuvi waliruka. Maji yalikuwa ya kifuani tu, na safi, unaona mchanga chini. Walitafuta mpaka jua likazama. Hawakupata hata kitambaa.

Ufukweni zilibaki nyayo zake peke yake. Lakini za mguu wa kulia zilikuwa hafifu, vidole tu, kama za mtoto aliyekuwa akinyanyuliwa kidogo na mkono ulio juu yake.

Siku ile babu alisema kila kitu. Nyanya alimsikiliza amekaa sakafuni, kanga ya Sidonie mapajani.

Asubuhi ya waasi, babu alikuwa na hofu, maana makarani wa serikali ndio waliokuwa wakitafutwa. Gratien mwenyewe ndiye aliyemwambia wabadilishane mashati, ili rafiki yake aonekane mpakizi. Gratien hakujua kusoma. Kijitabu chake kilikuwa kwa babu, kinangoja muhuri wa ofisini. Wakatembea pamoja barabara ya Kalundu. Kwenye kizuizi, waasi walikuwa na orodha ya majina. La babu lilikuwemo.

"Uko nani?" wakamuuliza babu.

"Gratien Lugendo, mubeba mizigo." Akatoa kijitabu.

"Na huyu?"

Gratien alikuwa akitabasamu. Alidhani ule ni ujanja, na kwamba ujanja huo una nafasi ya watu wawili.

Babu akasema: "Huyu ndiye Ildephonse. Mukarani."

Gratien alipiga kelele kwamba Lugendo ni yeye. Waasi wakacheka. Asubuhi ile kila karani aliyekamatwa alisema ni mpakizi, na huyu alikuwa na shati jeupe na wino mfukoni. Walimburuta mpaka kando ya maji. Kabla panga halijashuka, Gratien aliacha kulia. Akamtazama babu.

"Umechukua jina yangu," akasema. "Nitaifuata."

Nyanya alisikia mpaka mwisho. Hakulia. Alimuuliza mumewe swali moja: mama wa Gratien anaishi wapi? Babu akasema Katogota, kule tambarare ya Ruzizi. Nyanya alitaka waondoke kesho yake, lakini tambarare ilikuwa bado mikononi mwa waasi, na barabara ilikuwa imefungwa.

Ilifunguka mwaka 1966. Babu akaanza kutafuta visingizio. Halafu mchana mmoja Evariste, aliyekuwa na miaka minne, aliacha kucheza, akageuza kichwa kuelekea ziwani. Akacheka na mtu ambaye hakuwepo.

Nyanya alimfunga mtoto kiunoni kwake kwa kitenge, mafundo mawili.

"Tunaenda Katogota," akamwambia babu. "Utakuja, ao nitasimama sokoni niite jina yako ya kweli mpaka wote wasikie."

Walifika Katogota asubuhi ya siku ya tatu. Kikongwe Ernestine, mama wa Gratien, alikuwa amekaa mlangoni pake akimenya mihogo. Babu alibaki nyuma, kwenye migomba. Nyanya alisogea peke yake na mtoto, na kabla hajajitambulisha, kikongwe alisema bila kuinua macho:

"Karibu, mukwe wangu. Umechelewa."

Nyanya alipiga magoti. Kikongwe aliendelea kumenya.

"Muchuuzi wa chumvi alikuja hapa," akasema. "Akaniambia Gratien Lugendo iko Rumonge, ameoa, iko na batoto. Nilifurahi mpaka nikacheza. Nilipika, nikaita majirani. Unajua ile jina ilitoka wapi? Bwana wangu alizaliwa njiani, wazazi wake wakishuka kutoka milima ya juu kuja tambarare. Mama yake alijifungua kando ya njia, kesho yake akaendelea kutembea. Ndiyo wakamwita Lugendo, ni kusema safari. Ile jina ilikuja hapa kwa miguu yake yenyewe. Gratien alikuwa wa mwisho kuibeba. Sasa nikasikia iko na batoto." Kisu kikasimama. "Nilingoja. Halafu alikuja."

"Nani, mama?"

"Mutoto wangu. Saa sita ya mchana. Alisimama pale penye umepiga magoti. Alikuwa anatona maji. Akanionyesha shingo."

Nyanya alimvuta Evariste kifuani.

"Nikamwambia: kama batoto wanabeba jina yetu, ni batoto yetu. Nenda uwalete. Na kila asubuhi ninasimama hapa, ninawaita moja moja, na ninapika. Ingia uone."

Nyanya aliingia. Ndani palikuwa safi, pamefagiliwa. Kando ya ukuta ilitandikwa mikeka mitatu ya watoto, na mbele ya kila mmoja kibakuli cha ugali. Mkeka wa kwanza ulikuwa umelowa, ingawa Katogota iko mbali na ziwa, na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tano. Aliweka kiganja juu yake. Ulikuwa na joto, kama mkeka ambao mtoto ameinuka sasa hivi.

Kibakuli chake kilikuwa kitupu.

Wa pili ulikuwa mkavu, urefu wa Evariste. Wa tatu haukuzidi mkono. Nyanya alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe.

"Nirudishie Sidonie," akanong'ona.

"Wangu nani alinirudishia?" kikongwe akajibu kutoka mlangoni. "Lakini hawa wawili wengine unaweza kuniomba. Mwite ule mwanaume. Nijue iko nani."

Babu aliletwa. Alipiga magoti. Ernestine aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Uko nani weye?"

"Mama, nisamehe, minye niko—"

"Si Lugendo. Lugendo ni mutoto wangu."

"Hapana, mama. Si Lugendo. Minye niko..."

Alifungua mdomo. Nyanya aliona ulimi wake ukitafuta. Akajaribu tena.

"Jina yako ilikufa penye kizuizi," kikongwe akasema taratibu. "Weye mwenyewe ulisema. Waasi waliandika. Muntu alikufa na ile jina, iko nayo mpaka leo. Sasa nimekuuliza weye. Uko nani?"

Hakuna kilichotoka. Babu alimgeukia mkewe, macho yakimwomba. Amwite. Amwite tu, mara moja. Nyanya alitaka. Aliishi naye miaka minane. Alifungua kinywa kumwita mume wake, na mahali lilipokuwa jina palikuwa patupu.

Babu aliinuka. Alitoka akielekea barabarani. Mbwa wa Ernestine, aliyebweka walipofika, hakuinua hata kichwa. Wachungaji wa Rurambo, kule milimani, walikuwa wakishusha ng'ombe kwenda kunywa maji ya mto Ruzizi. Babu aliingia katikati ya kundi. Ng'ombe hawakumkwepa. Nyanya alipiga kelele, na mchungaji mmoja, mzee aitwaye Azarias, akasimama karibu naye akiangalia kule anakoangalia.

"Mama," akauliza, "unamwona nani?"

Vumbi lilipotulia, barabara ilikuwa tupu.

Ernestine alichukua mkeka wa Evariste na ule mdogo, akaikunja, akampa nyanya. "Wabaki Lugendo," akasema. "Wataishi. Ile mukeka ya kwanza usiiguse." Wa kwanza aliubakiza pale pale, na nyanya alipokuwa akifunga mtoto mgongoni, alimwona kikongwe akijaza kibakuli upya.

Nyanya alirudi Kalundu, akaanika ndagala mpaka uzee. Hakuolewa tena. Jina la babu, ambalo nyanya hakuweza kulitaja hata aliponisimulia haya yote, nimelijua kwa cheti chao cha ndoa. Nililisoma mbele yake siku moja kwa sauti, naye akaniuliza kwa mshangao, huyo ni mtu gani.

Mama yangu, Sabine Lugendo, alizaliwa miezi sita baada ya safari ile. Ni mwanamke mdogo, mkono wake unaingia kwenye kikombe cha chai. Mwaka 2005, walipoandikisha watu kwa ajili ya kura, nilimsindikiza. Ilikuwa saa tano mchana, foleni ndefu, watu wanataniana. Kijana wa kuandikisha alimpaka wino, akabonyeza kidole gumba chake kwenye karatasi, akakiinua.

Akaangalia karatasi. Akaushika tena mkono wa mama, akaugeuza, akauangalia. Akachukua karatasi nyingine, akarudia. Halafu nyingine.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "nani anaweka kidole pamoja na weye?"

Niliinama kuona. Katika karatasi zote tatu alama ilikuwa moja: kidole gumba cha mwanamume, kipana mara mbili ya cha mama, chenye sugu za mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote.