Alama Nyekundu Mlangoni kwa Mama

Jumatatu, tarehe tatu Machi. Manyunyu yalianza alfajiri bila kukata, na soko zima likawa tope. Mpimaji wa barabara, mwanamke aliyeletwa na kampuni yake kufanya kazi ya mwaka mzima katika mji asioujua, alikuwa akijipenyeza kati ya watu, koti lake la njano likichuruzika maji, mara soli ya buti lake ikafumuka.

"Dada, kiatu chako kinacheka watu," fundi viatu alimwita kutoka kibandani.

"Basi kifumbe mdomo, fundi."

"Na mwenye kiatu? Yeye atacheka lini?"

Akacheka papo hapo.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili fundi alivaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, akamtembeza mji: uchochoro wa wachomelea vyuma, ngazi zenye utelezi nyuma ya machinjio, na mwisho nyumba ya mama yake, yenye mlango wa kijani.

"Karibu, mkwe," alisema mama, ambaye miguu ilikwisha kumsaliti.

"Mama! Hata sijamposa!"

"Una mwendo wa konokono, mwanangu. Mimi mgonjwa, sina muda wa kungoja."

Usiku huo fundi alimpigia mpimaji simu. "Umelala, mgeni wangu?"

"Ningelalaje, mpenzi, hujaniaga?"

Kisha ramani mpya ikafika ofisini. Barabara ilipita juu ya mlango wa kijani. Masharti ya kazi yalikataza kumwambia mtu yeyote kabla ya tangazo. Mpimaji aliomba kwa Mungu ampe la kusema. Jumapili zikapita, naye akaendelea kula kwa mama bila kuigusia ramani.

Siku ya kutia alama nyumba za kubomolewa, alimsihi msimamizi ampe nyumba ile. Wenzake wangepaka msalaba ukuta mzima. Yeye angeweka alama ndogo, iliyonyooka, chini karibu na kizingiti. Katika kazi yake, alama safi ilikuwa ndiyo heshima.

Fundi alimkuta amepiga magoti, brashi nyekundu mkononi.

"Ulijua tangu lini?"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Tangu lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na Jumapili zote hizo ukala kwa mama yangu! Kumbe nilikuwa nakuonyesha njia uje utubomoe."

"Njia sikuichora mimi! Niliomba nipake mwenyewe, isiwe mkono wa mtu baki..."

"Afadhali angekuwa mtu baki."

Akaingia ndani, akafunga. Simu zote za mpimaji baada ya hapo ziliita hadi zikakatika. Mpimaji alikwenda ofisini kuomba njia isogezwe. Hawakuisogeza, walimwondoa kazini na kumkatia tiketi ya kurudi kwao.

Siku ya kubomoa, tingatinga lilinguruma mwisho wa mtaa. Majirani walibeba vitanda na masufuria. Mama alikaa kwenye kiti chake mlangoni, hasogei. Mpimaji akaja, hana koti la njano, macho yamevimba.

"Umefuata nini?" fundi aliuliza.

"Mama. Nimepanga vyumba viwili, havina ngazi. Ukinichukia, nichukie huko, lakini kwanza tumtoe."

Fundi akashika upande mmoja wa kiti. Mpimaji akashika wa pili. Wakambeba mama juu kwa juu hadi ng'ambo ya mtaa, na nyuma yao ukuta ukaanguka kwa kishindo. Mama hakugeuka. Machozi yalichora mistari kwenye vumbi la mashavu yake.

"Na tiketi yako? Nasikia wanakurudisha kwenu," fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndege itaondoka na kiti kitupu."

"Nitakuaminije tena?"

"Msinong'onezane," mama alisema. "Siri ndizo zilizotufikisha hapa. Sema, binti, watu wasikie."

Majirani wakatua mizigo yao. Mpimaji akafuta mikono kwenye sketi, akainua sauti:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote: nikiolewa na mtu huyu, lolote nitakalolijua atalijua siku hiyo hiyo, hata kama litatuvunjia nyumba."