Nilijifanya Mwendawazimu, Daktari Akaniamini

Nina umri wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Likoni, na nina mtoto mmoja wa kike ambaye namuona kila Jumamosi, saa nne hadi saa sita, huku mtu mwingine amekaa pembeni akinichunga. Sijaua. Sijaiba. Kosa langu ni kwamba nilijifanya mgonjwa nikiwa mzima, na tangu siku hiyo nimeshindwa kuuthibitisha uzima wangu.

Najua wako watakaosema nimejitakia. Semeni tu, mimi mwenyewe nimejisema hadi nimechoka!

Nilikwenda Dubai kwa mkataba wa miaka miwili, kazi za ndani kwenye nyumba moja huko Al Warqa. Siwezi kusema niliteswa, nitakuwa mwongo. Madam alikuwa mkali wa usafi, lakini nilikula nikashiba, na nilikuwa na chumba changu. Binti yangu Nasra, wakati huo ana miaka mitano, nilimwacha kwa mama mkwe wangu, aliyempenda kama roho yake. Mume wangu Salim alikuwa fundi wa friji, mtu wa kutoka asubuhi na kurudi magharibi.

Nilipotimiza mwaka na miezi miwili, mama mkwe akafariki ghafla. Nasra akabaki wa kuzungushwa... leo kwa jirani huyu, kesho kwa yule. Siku moja nilipiga simu ya video nikamwona ana jipu kubwa shavuni na hakuna aliyeshughulika nalo. Nililia hadi pua ikaziba.

Nikamwendea madam. Alinisikiliza, akanipa pole, kisha akasema nimalize kwanza mkataba, inshallah. Wiki iliyofuata nikaomba tena. "Khalas, Mwanasha," akasema, na nikajua hapo hakuna la kuongeza.

Nyumba ya jirani alikuwako mwenzangu, Zaina, mtu wa Tanga. Tulikuwa tukikutana tunapotoa taka. Yeye ndiye aliyenitia maneno.

"Shoga, jifanye una pepo," aliniambia. "Si unasema madam wako anaogopa majini? Pandisha siku mbili tu, ya tatu uko uwanja wa ndege."

Wazo likanikaa. Mambo ya pepo nilikuwa nayajua! Shangazi yangu alikuwa na pepo wa Kiarabu, na tangu utotoni nilimwona akipandisha, akitetemeka, akidai marashi na halua kwa Kiarabu. Likoni nzima ilimwamini. Nani angemkosoa Kiarabu chake?

Kabla ya kufanya lolote nilimpigia Salim nikamweleza mpango wote. Alicheka sana. "Wewe mwanamke wewe! Haya fanya, urudi umlee mwanao," akasema. Hayo ni maneno yake, niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili.

Basi siku ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, madam na mumewe wakiwa wanakunywa chai, nikajitupa kwenye zulia. Nikatetemeka, nikageuza macho, nikatoa sauti nzito ya kiume na kuanza kunena Kiarabu cha shangazi yangu. Nilidai marashi, nilidai halua, nikamtaja na babu wa huyo pepo.

Madam hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini, akainama, akanisikiliza kwa makini kabisa. Kisha akamgeukia mumewe akamuuliza hii ni lugha gani. Mumewe akasema hajui.

Jamani, mnaiona akili yangu? Nimempeleka pepo wa Kiarabu kwa Waarabu! Kwetu pepo akinena namna ile watu hutandika mkeka na kufukiza ubani. Wale wenye lugha yao walimsikia mtu anayetamka maneno yasiyokuwapo duniani. Kama wangeona ni jini wangeogopa, lakini ule waliuona ni ugonjwa, wakaita gari la hospitali.

Hata hapo sikuwa na hofu. Zaina alisema siku mbili, nami nikaongeza bidii siku mbili. Daktari aliponihoji nikamjibu kwa sauti ya pepo. Niliponyang'anywa simu nikasema ni utaratibu tu. Wakanipa vidonge vilivyoufanya ulimi wangu mzito, nikavimeza. Siku ya tatu nikaoga, nikajifunga mtandio vizuri, nikakaa kitandani kumngoja madam na pasipoti yangu.

Aliyekuja ni nesi, na vidonge vingine.

Nikaenda mlangoni. Umefungwa. Dirisha halifunguki. Nikagonga, nikasema kwa Kiingereza changu kibovu kwamba niko sawa, nataka kwenda nyumbani. Nesi akanishika mkono kwa upole, akanirudisha kitandani. Upole ule ndio ulionitia baridi, maana ni ule wa kumnyamazishia mtoto.

Nikaomba mtu anayejua Kiswahili. Wakamleta Purity, Mkenya mwenzangu, mtu wa bara, aliyekuwa akifanya usafi pale wodini. Nilifurahi kama nimemwona ndugu! Nikamwambia amfasirie daktari neno kwa neno.

"Mwambie mimi ni mzima. Nilimkumbuka mwanangu, moyo ukaniambia nijifanye nina pepo ili nirudishwe nyumbani."

Purity akafasiri kama alivyosikia. Daktari akainua kichwa, akauliza kitu. Purity akanitazama kwa haya.

"Dadangu, anauliza... hiyo moyo huongea na sauti ya mwanaume ama ya mwanamke?"

Nikacheka! Ningefanyaje? Nilicheka hadi machozi, na daktari akaandika. Nikasema moyo hauna sauti, ni moyo tu, hata yeye wake unamwambia mambo. Akaandika na hilo pia.

Nilipewa jina la skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwapo. Kuanzia siku hiyo sikuwa tena na tabia, nilikuwa na dalili. Nikitembea huku na huko kwa sababu chumba ni kidogo, nahangaika. Nikikaa kimya, nimejitenga. Nikisali sana, dini imenizidi. Nikisema nilijifanya, ndiyo ikawa mbaya kuliko zote, maana mgonjwa asiyejijua kuwa ni mgonjwa huongezewa dawa. Nami nikaongezewa. Simlaumu daktari sana, maana mimi ndiye niliyemtungia ule ugonjwa na yeye akausoma kama nilivyouandika. Lakini ningeufutaje?

Nilianza kujiogopa. Usiombe kufika mahali ukajiuliza, labda kweli? Labda mtu mzima hawezi kujitupa kwenye zulia na kutaja babu wa pepo?

Wiki ya tatu Purity alikuwa akipiga deki karibu na kitanda changu. Alinena bila kuinua macho.

"Mwanasha, wee kubali tu uko mgonjwa. Ukikataa hawakuachilii. Wale hukubali, hao ndio huenda home."

Nikakubali. Daktari alipokuja nikasema nilikuwa mgonjwa, nilisikia sauti, sasa siisikii tena, nashukuru dawa. Alitabasamu kwa mara ya kwanza. Nilipomwambia ukweli hakuniamini, nilipomdanganya akanipa mkono! Siku chache baadaye nikaruhusiwa.

Madam alinikatia tiketi na kuja mwenyewe na begi langu. Alilia. Alikuwa amemnunulia Nasra gauni la manjano lenye mkanda. Nilitamani kumwambia ukweli, lakini niliogopa atanirudisha ndani, nikaangalia pembeni. Hadi leo lile gauni linaniumiza.

Mombasa Salim alinipokea vizuri. Akachukua begi, akachukua na bahasha ya hospitali yenye karatasi ya ugonjwa wangu, akasema atanitunzia. Nami nikampa kwa mikono yangu miwili, mke na mume tutafichana nini?

Miezi minne haikupita akaniambia ana mwanamke mwingine na anataka kumuoa. Tukagombana, akaniacha. Niliumia, lakini talaka si mwisho wa dunia, nikasema nitamchukua mwanangu tukaishi kwetu. Hapo ndipo aliponiambia kwamba Nasra hatoki.

Tulipofika mbele ya kadhi, Salim alitoa ile karatasi, imekunjwa vizuri, hata kona haijapinda. Nikasimama nikasema nilijifanya, na huyu mwanamume alijua, alicheka, akaniambia fanya! Kadhi akamuuliza. Salim akatazama chini, akasema kwa sauti ya huruma kabisa, "Sheikh, hayo ndiyo mambo anayoyasema anapozidiwa."

Nilipiga kelele. Mnadhani nani asingepiga? Na kila mtu pale alinitazama kwa macho ya yule nesi.

Kadhi alikuwa mtu wa haki, akaagiza nipimwe upya. Daktari wa kwanza alisoma karatasi ya Dubai kabla hajanitazama usoni, akasema si skizofrenia, ni bipola, ule ugonjwa wa furaha na huzuni za kupindukia. Wa pili alikaa nami saa nzima akisema Kiswahili cha pwani kama changu, akacheka aliposikia habari za Kiarabu cha pepo, akaandika kwamba nilikuwa na huzuni na msongo, ugonjwa sina. Nikambusu mkono! Lakini kadhi aliziweka karatasi tatu mezani, tatu zenye majina matatu, akauliza yeye asiye daktari ashike ipi. Mpaka madaktari wakubaliane, akasema, mtoto atabaki kwa baba yake, nami nimwone Jumamosi mbele ya mtu wa kuangalia.

Hawajakubaliana. Wa Dubai hawajibu barua, na huyu wa pili, aliyeniona mzima, anasema hawezi kufuta alichokiandika mwenzake.

Basi nimebaki na Jumamosi zangu. Juzi Nasra, ambaye sasa ana miaka minane, alinisimulia kituko cha shuleni, nikaangua kicheko kama zamani. Akanishika mkono haraka, akamtazama shangazi yake aliyekaa mlangoni akituangalia, kisha akaninong'oneza.

"Mama, usicheke sana. Baba amesema ukicheka sana ndiyo imeanza."

Nikakikata kicheko. Mwanangu alikuwa ananilinda...

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi dada zangu mlio kwenye nyumba za watu huko Ghuba, najua ushauri huu wa kujifanya unazunguka, na najua mtoto akilia kwenye simu mtu hafikiri. Nawaomba msiufuate. Ombeni, bembelezeni, nendeni ubalozini, malizeni mkataba kwa machozi ikibidi. Na wewe unayekaa na mtu aliyeandikiwa jina la ugonjwa, mzima au mgonjwa, mwache basi acheke.

Jumamosi ijayo nitakwenda tena. Nimejizoeza kucheka kidogo, mdomo umefungwa, na Nasra ameanza kucheka hivyohivyo.