Kifuko cha Maji Kilichounguza Ukuta

Atupele anauza chakula Matema, karibu na ufuko wa ziwa. Banda lake ni la matete na nyasi. Anapika wali, ndizi na samaki. Mama mkwe wake, Bibi Subilaga, hukaa kando ya ukuta akichambua mchele. Bibi anapenda kuvuta kiko.

Nzi walikuwa kero. Watu husema nzi huogopa vifuko vya nailoni vyenye maji, kwa hiyo Atupele alivitundika mbele ya ukuta. Mwanzoni vilikuwa na maji nusu tu, vimelegea. Nzi hawakupungua. Basi akavijaza mpaka vikawa mviringo kama machungwa makubwa.

Alasiri moja ukuta ulitoa moshi. Atupele aliumwagia maji. Kesho yake ukatoa moshi tena, na safari hii matete yakashika moto kabla hajauzima.

"Ni kiko cha mama," alimwambia mumewe, Lameck. "Tutaungua sote."

Bibi alisema kiko chake hakikuwa na moto. Hawakumwamini. Lameck akampigia simu dada yake wa Itungi, wakakubaliana aje Jumamosi amchukue mama, akaishi kwake. Bibi aliposikia, aliinama tu juu ya ungo wake.

Ijumaa alasiri alikuja kula Mwalimu Catheline, jirani yao anayefundisha sayansi. Bibi alikuwa ziwani akiosha vyombo. Jua lilikuwa limeshuka, linaingia chini ya paa. Mwalimu akaona doa la mwanga ukutani, dogo kama punje ya mahindi. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda hapo.

Alishusha kifuko kilichokuwa mbele ya doa hilo. Doa likatoweka. Moshi ukakoma.

Atupele alisogea na mwiko mkononi, akagusa mahali palipoungua.

Bibi aliporudi, mwalimu aliwaita wote nje. Alikishika kifuko juani, na nyuma yake akaweka jani kavu la mgomba. Jani likatoboka mbele ya macho yao. Kisha akapunguza maji, akakibonyeza kifuko kikawa bapa. Mwanga ukapita tu, jani halikupata moto. Akakiacha kitune kidogo. Doa likaonekana, lakini pana na hafifu.

"Maji ni yale yale, na jua ni lile lile," alisema. "Umbo ndilo limebadilika. Kifuko kikituna, kinapinda mwanga uelekee pamoja. Kikituna zaidi, unakutana karibu zaidi, kwenye doa dogo zaidi. Joto la kutosha kiganja kizima linabanwa ndani ya punje moja."

Akaongeza kwamba doa lile ni sura ya jua lenyewe, na kwamba lisikodolewe macho, kwa sababu linaumiza.

Mteja mmoja alisahau kutafuna. Bibi alichuchumaa karibu na jani, akanong'ona, "Jua lote lile, kwenye jani la mgomba?"

Mbali, ziwa lilikuwa linang'aa.

Atupele akapiga magoti. "Mama, mimi ndiye niliyevijaza vifuko. Nilikusingizia. Nisamehe."

"Kumbe kiko changu kimepata wakili," Bibi alisema, na watu wakacheka. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na kesho?"

"Kesho utakuwa hapa," alijibu Lameck. "Na siku zote."

"Ndaga fijo," Bibi alimshukuru mwalimu.

Jioni ile waliondoa vifuko vyote. Chupa za maji wakaziweka kivulini, mbali na nyasi na matete. Mwalimu aliwashauri wafunike chakula kwa kawa na kufukia mabaki ya samaki. Nzi wamepungua, na ukuta haujatoa moshi tena.

Dada yake Lameck alikuja Jumamosi hata hivyo. Alikula wali na samaki, akazungumza na mama yake mpaka jua likapungua ukali, akarudi Itungi peke yake.