Pango la Jibini la Mzee Bachisio

"Wee! Toa matope yako kwenye jibini yangu!"

Ilikuwa Jumamosi, soko la mji wa Nuoro limefurika. Umati ulikuwa umemsukuma kijana mmoja hadi kwenye meza ya Bonaria, na buti na ovaroli yake nyekundu vimetapakaa tope.

"Samahani, dada. Natoka pangoni kuhesabu salamanda, wale wanyama kama mijusi."

"Na mimi nahesabu wehu. Wewe wa kwanza leo."

Kijana, Efisio jina lake, akacheka. Jumamosi iliyofuata alirudi amenyoa ndevu, shati jeupe, ananukia. Zabibu zilipovunwa, walikuwa wakipigiana simu kila jioni.

"Hao wadudu wako wanakula nini, mpenzi?"

"Si wadudu! Hawana mapafu, wanapumua kwa ngozi. Hata wanakotaga hatukujui vizuri."

"Hawana mapafu? Ndiyo maana hawabwati kama wewe."

Mapenzi yakamlegeza Bonaria. Akampeleka Efisio mlimani, kwenye pango ambamo baba yake, Mzee Bachisio, aliivishia jibini za maziwa ya kondoo kama alivyofanya babu yake. Efisio akamulika ukuta, akaduwaa: salamanda wamejilaza juu ya mayai yao.

"Usimwambie mtu," Bonaria alisema.

Efisio akambusu.

Baridi ilipoisha, walinzi wa misitu walifunga pango kwa geti la chuma. Jibini zikatupwa nje juani. Mzee Bachisio akakaa jiweni, kofia magotini.

Bonaria akapiga simu. "Ni wewe uliyewaambia?"

"Kipenzi, nisikilize..."

"Ni wewe au si wewe?"

"Ni mimi. Kuna watu wanawaiba salamanda na kuwauza. Wangekwisha!"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa!"

"Ndiyo, ningekataa! Maana ya kuuliza ndiyo hiyo, Efisio." Akakata simu.

Jumamosi Efisio alitokea sokoni kavaa suti, pete mkononi.

"Nimewabana walinzi mpaka wamekubali. Mzee anapewa ufunguo, jibini zinarudi. Nisamehe, Bonaria. Nataka kukuoa."

Wauzaji wa meza za jirani wakageuka.

"Unampa baba yangu pango lake kama zawadi?"

"Nakupenda."

"Najua. Hata mimi nakupenda, ibilisi mkubwa wewe. Lakini kila nitakalokunong'oneza, nitaogopa litawekewa geti. Sogea, kuna foleni."

Efisio akasogea, umati ukammeza.

Bibi mmoja akasogea mbele, akamtazama Bonaria akikata jibini.

"Binti, unalia juu ya jibini yangu."

"Chumvi haiharibu jibini, shangazi," Bonaria akajibu, akiifunga kwenye karatasi. "Anayefuata!"