Vidonge Vitatu vya Bibi

Kila asubuhi Chiriku alimpa bibi yake kidonge kimoja cha moyo na kikombe cha maji. Aliitwa Chiriku, kama ndege yule, kwa domo lake lisilopumzika. Mama yake, fundi cherehani, aliondoka mapema, hivyo kazi hiyo ilikuwa yake.

Siku mbili mfululizo alisahau, akikimbilia kuruka kamba na wenzake. Siku ya tatu mama akasema, "Jioni nitahesabu vidonge vya Bibi."

Chiriku akakumbuka vidonge viwili ambavyo hakuvitoa. Mama alipotoka tu, akampa bibi vitatu kwa mpigo.

"Mbona vingi leo?"

"Mama ndiye aliyesema, Bibi."

Kabla ya adhuhuri bibi alikuwa ameegemea ukuta, jasho likimtoka, midomo imefifia. "Mjukuu wangu, naona giza."

Chiriku akamshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo. Pigo moja. Akangoja. Akangoja tena, moyo wake mwenyewe ukimwenda mbio. Ndipo likaja la pili. Akapiga mayowe. Jirani yao, dereva wa teksi, akawakimbiza hospitali.

"Amekunywa dawa gani leo?" daktari aliuliza.

"Kidonge kimoja, kama kawaida," alijibu mama, aliyefika akihema.

Chiriku akaitazama mashine ya mapigo ya moyo. Namba zilishuka: thelathini na nne, thelathini na mbili.

"Vitatu!" akalia. "Nilimpa vitatu. Nilimdanganya!"

Daktari hakumgombeza. Alimgeukia muuguzi: "Kalsiamu kwenye mshipa, haraka!"

Chiriku hakuthubutu kupepesa macho. Arobaini. Arobaini na moja. Muda mrefu ukapita. Hamsini na nane.

Baadaye daktari akamketisha. "Moyoni kuna seli chache zinazoanzisha kila pigo. Ndani ya seli hizo kalsiamu, madini yale tuliyomtilia bibi yako mshipani, huachiliwa kidogo kidogo, kama ishara ya kusema, 'Haya, piga!' Kisha hukusanywa, ianze upya. Ikienda haraka, moyo huenda haraka. Dawa ya bibi yako huipunguza kalsiamu inayoingia. Kimoja humtuliza, vitatu vilikaribia kuunyamazisha moyo wake. Ukweli wako ndio ulionionyesha cha kufanya."

"Ukisahau, niambie," mama alisema. "Usifidie kwa siri dozi uliyosahau. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Bibi alifumbua macho, akamshika mkono. "Niliona ni vitatu, nikaamini maneno yako kuliko macho yangu. Anayeaminiwa hivyo, mjukuu wangu, hana ruhusa ya kudanganya."