Glavu ya Tano ya Thirza

Ijumaa asubuhi, siku mbili kabla ya sikukuu ya mavuno, Kasisi Hugh Tansley aliingia kanisani Ebbleford akiwa amekumbatia boga kubwa la kupambia madhabahu. Aliinua macho, na boga likamponyoka. Juu ya ukuta wa kusini, mahali lilipokuwa taji la Thirza Pothecary tangu mwaka 1890, palibaki kulabu tupu.

Kwetu Ebbleford, msichana akifa kabla ya kuolewa, na jina lake safi, jeneza lake hutanguliwa na taji la fito na mawaridi ya karatasi. Baada ya mazishi taji hutundikwa mlangoni kwa Jumapili tatu, likiwa na glavu tano za karatasi. Mwenye neno juu ya marehemu na aichukue glavu, aseme mbele za watu. Asipojitokeza mtu, taji hupandishwa juu ukutani, na haliguswi tena mpaka lianguke lenyewe kwa uzee. Kulishusha ni sawa na kumvua maiti nguo hadharani.

Polisi wa mjini walijibu kwa simu kwamba hawana askari wa kumtuma kutafuta makaratasi. Kasisi akavuka barabara kwa Maurice Dredge, sajini mstaafu wa polisi, akamkuta anang'oa miti ya kupandishia maharagwe.

"Maurice, nguo hizo hizo, twende."

"Kuna nini? Mtu kafa?"

"Kafa zamani. Sasa kaibiwa."

Dredge aliukagua mlango. Haukuvunjwa, kanisa letu huwa wazi mchana kutwa. Ngazi ilikuwa mnarani, imefungiwa. Ule mti mrefu wa kufungulia madirisha ya juu ulikuwa konani kwake, ila ndoano yake imetazama chini badala ya juu. Akapiga magoti chini ya kulabu.

"Taji la karibu miaka mia," alisema, "ukiligusa tu linamwaga vumbi kama mkate mkavu. Mbona hapa chini pasafi?"

Kasisi naye akainama kutazama. Dredge aliliwaza swali hilo kidogo, kisha akaliacha likampita, maana tayari akili yake ilikuwa imemwendea mtu mwingine. Sote akili zetu zilimwendea huyo huyo.

"Yule Mkanada," alisema Dredge.

Delbert Pruett, mkulima wa Ontario mwenye miaka sitini na kitu, alikuwa amepanga chumba baani tangu Jumatatu. Baba yake, Walter, alipelekwa Kanada kwa meli akiwa mtoto wa miaka kumi, pamoja na watoto wengine wa kimaskini, akalelewa shambani kwa watu na kupewa jina lao. Habari za kwao aliwasimulia wanawe vitu viwili tu: jina la Ebbleford, na kanisa lenye maua ya karatasi. Aliwaambia pia kwamba mama yake alikufa siku aliyomzaa. Delbert alishinda ofisini kwa kasisi siku nne akipekua nakala za madaftari ya ubatizo, akimtafuta huyo mama. Ndege yake ya kurudi ilikuwa Jumatatu.

"Jana kwenye chai aliyaulizia sana mataji," alisema Kasisi bila kupenda. "Alisema ana kitu cha baba yake anachotaka kukilinganisha nayo leo. Hata mzee wetu wa kanisa, Bi Enid, alikuwepo, alisikia."

Kwanza Dredge alipita kwa Clive Rudd, muuza samani kuukuu, ambaye aliwahi kutaka kulinunua taji lile akafukuzwa.

"Mimi?" Rudd alicheka. "Mimi tangu juzi nilikuwa mnadani Salisbury, ndiyo kwanza nimerudi, na mke wangu yuko kitandani wiki nzima, mguu juu ya mto. Muulize mgeni wako. Hao wa ng'ambo wakija kutafuta babu zao huokota hata kokoto za kaburini."

Hilo lilimtosha Dredge. Saa sita mchana, baa imejaa, alimwomba Delbert afungue sanduku lake pale pale mezani. Angeweza kumwita chumbani. Hakumwita, na sisi tuliokuwepo hatukusema neno. Tulisogeza bilauri zetu ili tuone vizuri.

"Hilo kopo la biskuti lina nini, Bwana Pruett?"

"Si biskuti. Nakuomba usilifungue hapa."

"Ukiomba hivyo ndiyo kabisa nitalifungua."

Akalifungua, akaingiza vidole kutafuta vipande vya karatasi. Vidole vilitoka na majivu.

"Huyo ni baba yangu," alisema Delbert. Hakupaza sauti. "Alifariki mwaka jana. Nilimwahidi kwamba nikimpata mama yake nitamlaza kaburini kwake. Nisipompata kabla ya Jumatatu, narudi naye. Sasa naomba ufunike, Sajini."

Dredge alisimama na mkono wake hewani, hajui aupanguse wapi. Mtu mmoja alivua kofia. Lakini aibu ya mtu mkubwa ina ukaidi, naye badala ya kuomba radhi alifungua pochi iliyokuwa chini ya kopo. Ndani yake mlikuwa na glavu ya karatasi.

"Na hii?"

"Ya baba. Alikuwa nayo maisha yake yote. Bibi mmoja alimpa siku ya kuondoka."

"Taji lina glavu, taji limepotea, na wewe una glavu!"

"Hiyo ndiyo niliyotaka kuilinganisha leo. Nimeamka, nimekuta ukuta mtupu kama ninyi."

Hakuna aliyemwamini. Dredge aliitia glavu ndani ya bahasha, bahasha mfukoni, akarudi kanisani na mkono wake ameukunja ngumi.

Kanisani Kasisi alikuwa na Bi Enid Pothecary, mzee wa kanisa, binti wa kaka yake Thirza. Alikuwa na miaka sabini na tisa, hajawahi kuolewa, na hakuna mtu Ebbleford aliyewahi kumkuta na kifungo kilicholegea. Alikuwa anapanga matofaa dirishani.

"Enid, pole kwa taji la shangazi yako," alisema Dredge. "Tumepata glavu moja kwa yule mgeni."

"Ile yenye kidole gumba kilichochanika?" aliuliza Bi Enid, akiendelea kupanga.

"Sijaiona bado," alisema Kasisi. "Maurice kaiweka mfukoni."

"Basi mrudishieni. Mwacheni aende zake, msimtie maskini mashakani kwa karatasi."

Akachukua kikapu chake akaondoka. Dredge alitoa bahasha, akaitazama glavu kwa mara ya kwanza kwa utulivu. Kidole gumba kilikuwa kimechanika, kikabandikwa kwa kiraka kidogo.

Haikumshtua. Mwanamke aliyekaa chini ya taji maisha yake yote atakosaje kuijua kila glavu? Ila kwenye meza ya mlangoni zipo kadi za posta zinazouzwa na kanisa, zenye picha ya zamani ya ukuta ule wa kusini, iliyopigwa mwaka 1908. Tumezinunua, tumezituma, tumezibandikia stempu. Dredge alivaa miwani akahesabu glavu za taji la Thirza. Akahesabu tena kwa ncha ya kalamu.

"Hugh," alisema, "njoo uhesabu na wewe. Macho yangu siyaamini leo."

"Nne," alisema Kasisi. "Moja haipo."

"Haipo mwaka 1908. Enid alizaliwa lini?"

"Mwaka 1909. Nilikula keki yake majuzi."

"Kwa hiyo hajapata kuiona ukutani hata siku moja. Sasa kidole gumba kakijulia wapi?"

Wakatazamana. Ndipo ile sakafu safi ikamrudia Dredge. Mwizi gani anaiba kisha anafagia? Alizunguka nyuma ya kanisa, kwenye lundo ambako akina mama wa maua hutupa taka zao. Juu kabisa, juu ya maua ya madhabahu yaliyonyauka, vilikuwa vipande vya mawaridi ya karatasi, rangi ya chai. Wiki ile zamu ya kufagia ilikuwa ya mke wa Rudd, naye alikuwa kitandani mguu juu ya mto. Aliyeshika ufagio badala yake alikuwa mmoja, Bi Enid. Alikuwa na moyo wa kuiba kanisani, lakini moyo wa kuliacha kanisa chafu hakuwa nao.

"Niambie juu ya akina Walter wote uliomwonyesha Pruett," alisema Dredge.

"Waliobatizwa miaka hiyo ni watatu. Wawili walikulia na kufia hapa hapa. Wa tatu ni Walter, mwana wa James na Hannah Pothecary, mwaka 1890. Pruett alimfuta mwenyewe. Hannah alikuwa amepita miaka hamsini, na aliishi miaka mingi baadaye. Tena Enid alimwambia kwamba huyo ni baba yake mdogo, alikufa mtoto."

"Alizikwa wapi?"

Kasisi alifungua nakala ya daftari la maziko, akapitisha kidole mwaka baada ya mwaka, polepole. Ebbleford hatumfukii mtu bila kumwandika, awe mwenyeji au mpita njia. Walter Pothecary hakuwemo.

"Na Thirza, binti wa Hannah, alikufa lini?"

"Mwaka huo huo wa 1890. Siku mbili kabla ya ubatizo wa Walter." Kasisi alilifunga daftari. "Ee Mungu wangu. Bibi alimwandikisha mjukuu kama mwanawe."

Dredge alikwenda baani, Kasisi akimfuata. Delbert alikuwa amekaa peke yake, kopo mapajani, na meza zote za jirani tupu.

"Nina deni la radhi kwako, na si dogo," alisema Dredge. "Nitaiomba mbele ya hawa hawa waliokuona. Lakini kwanza njoo nami, nawe uje na baba yako."

Bi Enid alifungua mlango kabla hawajagonga. Alimtazama Dredge, akamtazama Kasisi, na alipoliona kopo akashika mwimo wa mlango.

"Enid," alisema Dredge, "glavu ile uliionea wapi?"

"Hapa hapa," alisema. "Mlipokanyaga."

Aliwaingiza ndani. Mezani palikuwa na sanduku la kofia, na ndani yake, juu ya karatasi laini, taji la Thirza. Hakulificha.

"Nililishusha kwa ule mti wa kufungulia madirisha, nisamehe, Kasisi. Ilikuwa jana jioni, kabla ya kufunga kanisa. Ningelirudisha Jumanne."

"Ndege yangu ni Jumatatu," alisema Delbert.

"Najua."

"Ulitaka niondoke bila kujua?"

"Ndiyo."

Kasisi alijaribu kumpunguzia. "Ulikuwa unalinda heshima ya shangazi yako, Enid. Taji ni la bikira, na yeye alikuwa na mtoto. Inaeleweka."

"Usinisaidie!" alisema Bi Enid kwa ukali. "Thirza ana nini cha kulindwa? Wasichana wa siku hizi wanasukuma vigari vya watoto hadi mezani pa Bwana na hakuna anayegeuka. Najilinda mimi."

Akakaa. Alizungumza akilitazama kopo, si watu.

"Babu alipokufa, baba yangu ndiye aliyekuwa na sauti nyumbani. Alikuwa anaoa, hakutaka maswali juu ya yule mtoto. Akampeleka kwa watu wa meli. Bibi Hannah hakuweza kumzuia. Alikwenda kanisani akachomoa glavu moja ya taji, ikamchanikia kidole, akaiziba. Akampa mtoto, akamwambia, shika mkono wa mama yako. Hayo sikuyaona, sikuwa nimezaliwa. Nimeyasikia kwake mwenyewe Walter."

"Kwa baba? Baba alirudi?" Delbert aliinuka nusu.

"Mwaka 1917. Wakati wa vita. Kambi yao haikuwa mbali. Alikuja na sare za Kikanada, akagonga. Baba alimwona dirishani, akamjua. Akaniambia, nenda Enid, hakuna atakayegombana na mtoto. Nilikuwa na miaka minane. Alichuchumaa akanionyesha glavu, akanieleza habari yake, akaniuliza, hapa ndipo kwa akina Walter? Nikamwambia, hakuna Walter hapa. Hajapata kuwepo. Kama nilivyofundishwa." Aligusa mkono wa kiti. "Alinishukuru. Alinipa peremende."

"Ulikuwa mtoto," alisema Dredge.

"Jumatatu sikuwa mtoto, Maurice. Jumatatu alikuja mwanawe akaniuliza swali lile lile, nikamjibu uongo mwingine. Safari hii hakuna aliyenifundisha."

Dredge aliinamisha kichwa.  Majivu ya mchana alikuwa ameyaosha, lakini bado aliuficha mkono ule nyuma.

Delbert alilifunika kopo kwa viganja. "Baba hakutuambia kwamba aliwahi kurudi," alisema hatimaye. "Miaka sabini. Alikuwa akisema tu kwamba Ebbleford watu wake wana adabu." Akachukua glavu kutoka kwa Dredge, akaiweka ndani ya lile taji, mahali palipokuwa na uzi usio na kitu. Ikaenea. "Sijui kama naweza kukusamehe, Bi Enid. Sitaki kukudanganya."

"Sikuomba. Nisingethubutu."

Jumamosi alasiri kijiji kizima kilikwenda kanisani, wale wa baani tukiwa nyuma kabisa. Dredge alikuwa ameomba radhi yake baani, kofia mkononi, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, na sisi wengine tukajifanya tunakunywa. Taji lilikuwa limerudishwa ukutani na glavu zake tano. Hakuna aliyesema lisirudi. Kaburi la Thirza lilikuwa limefunguliwa kidogo upande wa kichwa.

Kazi ya mzee wa kanisa ni kuufungua mlango wa kanisa. Bi Enid alisimama ndani, amevaa koti lake jeusi. Delbert alipofika na kopo, mlango ulikuwa umefungwa, nasi tukaanza kunong'ona. Delbert alilikumbatia kopo. Aligonga.

Mlango ulifunguka. Yule bibi alilitazama kopo.

"Walter yupo hapa," alisema. "Kwao ni hapa. Ingia, Walter."